Daktari na Mwalimu Wake wa Upinde

Tangu Ijumaa ninasoma kumbukumbu za Saxton Pope, daktari wa upasuaji wa San Francisco, ambaye kitabu chake cha mwaka 1923 kiliwarudisha Wamarekani wengi kwenye uwindaji wa upinde na mshale. Nilikifungua nikitarajia visa vya dubu, navyo vimo tele, lakini nimenasa kwenye kurasa za mwanzo, kwa Ishi.

Ishi alikuwa mtu wa mwisho wa Wayahi, kabila ambalo walowezi waliliangamiza California, na alijitokeza karibu na mji wa Oroville mwezi Agosti 1911, hana ndugu hata mmoja aliyebaki. Neno "ishi" kwa lugha yao ni "mtu" tu. Jina lake halisi hakumtajia yeyote. Akapewa makao katika makumbusho ya chuo kikuu, jirani na hospitali ya Pope, na hapo daktari akageuka mwanafunzi.

Upinde wake ulikuwa wa mreteni, mgongoni umegandishwa kano za kulungu, na alilenga akiwa amechuchumaa, upinde ameushika mshazari mbele ya kifua. Siku ya kuamkia mawindo hakula samaki wala kuvuta tumbaku. Alipotaka kumwita sungura, alifyonza vidole vyake hata ikatoka sauti kama ya mnyama aliyeumia. Aya ya vigumba vya mishale nimeirudia mara tatu: kipande cha kioo cha chupa kiganjani, ngozi ikikinga mkono, na ncha ngumu ikibinya ukingo hadi kibanzi kidogo kiruke, kisha kingine.

Dubu wa Yellowstone, hifadhi ya taifa ya Marekani, waliopigwa mishale mwaka 1920 ili wawekwe makumbusho, niliwapitia harakaharaka, maana Ishi aliwinda apate kula. Mwaka 1925 Pope alifika hata kwetu, Tanganyika, kuwinda simba kwa upinde, bunduki zikiwa nyuma yake.

Ishi alifariki Machi 1916 kwa kifua kikuu, Pope akiwa ndiye tabibu wake. Ndani ya jeneza waliweka upinde, mishale mitano, unga wa mbegu za mwaloni na tumbaku. Ubongo wake haukuwamo: ulitolewa wakati wa kuupasua mwili, ukapelekwa Washington, na haukurudishwa kwa makabila yenye undugu na lake hadi mwaka 2000.