Siku Bibi alipoleta stakabadhi shuleni

Dogo karudi shule juzi na kipande cha boksi shingoni. Kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba mwenye kukivaa amezungumza Kiswahili. Mama yake alitaka kwenda kufoka palepale. Mimi nikabaki nakipimapima uzito mkononi. Chetu kilikuwa cha mbao.

Nasema kibao cha shuleni kwetu Newala, umakondeni. Ukinaswa unaongea Kimakonde unavishwa, unazunguka nacho mpaka umnase mwingine, unamvisha. Jioni mstarini, aliyelala nacho anakula fimbo. Kiswahili tulikijua, ndiyo, ila tulichofuzu kweli ni kuviziana.

Siku ya Bibi ndiyo sikuwahi kuiandika. Msimu wa korosho, 1986, niko la nne, kibao ninacho tangu mapumziko. Bibi akatokea njia ya mikorosho, ndonya mdomoni, kile kipande cha pambo kwenye mdomo wa juu, kanga kajitanda, mkononi stakabadhi ya korosho ya chama cha msingi cha ushirika, iliyokunjwa hadi imekuwa donge. Anataka asomewe. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa, Kimakonde hata cha salamu hana. Akauliza mjukuu wake nani. Nikaitwa nitafsiri.

Bibi aliponiona, stakabadhi akaisahau. Alikishika kibao, akakigeuza, akakinusa. Akaniuliza ni nani aliyenifunga hirizi bila yeye kujua.

Madirishani vicheko vikaanza.

"Anasemaje?" mwalimu akauliza.

"Anauliza hiki ni nini."

"Si umwambie!"

Sasa nimwambie kwa lugha gani? Nilimtazama mwalimu, nikamtazama kiranja aliyesimama mlangoni na daftari lake la majina. Mwalimu akapunga mkono, harakisha. Basi nikasema, kwa Kimakonde, ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu, kwa sauti ya kutosha hadi madirishani: nimevishwa kwa sababu niliongea hivi tunavyoongea sasa hivi.

Nilisubiri afoke. Bibi yangu alikuwa mfokaji wa kutajwa. Aliwahi kumtoa karani wa chama uani kwake kwa mchi. Lakini hakufoka. Ndonya ilicheza kidogo, kisha akaniuliza kama hicho Kiswahili chao nakijua. Nikasema nakijua. Hata cha kwenye karatasi? Hata cha kwenye karatasi. Akaikunjua ile stakabadhi pajani, taratibu, kona moja baada ya nyingine, akanipa mimi. Mwalimu alikuwa ameshanyoosha mkono.

Kilo zilikuwa pungufu. Yeye alikuwa amezipima kwa debe lake nyumbani na hesabu aliijua kichwani. Mwalimu akasoma tena, zilezile. Yaliyofuata sina haja ya kuyarefusha: barua ikaandikwa, karani akasingizia mzani, hela haikurudi.

Kabla ya kuondoka akaniagiza nimwambie mwalimu kwamba kibao nisivuliwe mpaka niweze kusoma na mzani wenyewe. Nikatafsiri yote, sikupunguza. Mwalimu alifurahi mno. Jioni fimbo nilikula.

Ndiyo maana watu wakianza kubishana juu ya haki ya mtoto kufundishwa kwa lugha ya nyumbani kwao, mimi nachelewa kunyanyua mkono. Hoja naielewa. Sera ya Utamaduni ya 1997 inataka jamii zetu ziendelee kuzitumia lugha zake na kujivunia, na darasani Kimakonde hakina kipindi hata kimoja. Halafu namkumbuka Bibi na kilo zake. Halafu tena nakumbuka kwamba kisomo cha watu wazima kilipopita kijijini miaka ya 70 kilikuwa cha Kiswahili. Alikaa chini ya mwembe siku chache, akaacha, akasema wanamfanya mtoto. Kingekuwa cha Kimakonde pengine asingenihitaji mimi wala mwalimu. Pengine. Stakabadhi bado ingeandikwa Kiswahili.

Ng'ambo ya Ruvuma wamejaribu. Tangu 2003 Msumbiji wana madarasa ya lugha mbili, mtoto anaanza kusoma kwa lugha ya kwao, Kimakonde kikiwemo, Kireno kinaingia pole pole. Mtoto wa mama mdogo wa Mueda alipokuja kwa msiba nilimbana aniambie yote. Akasifu sana: watoto wanaongea darasani, hawaogopi, wanasoma mapema. Nilikuwa karibu kumwonea wivu.

Nikamuuliza wa kwake yuko darasa la ngapi huko.

Akacheka. Wa kwake kampeleka kwenye Kireno tupu tangu la kwanza. Anataka awahi kazi za gesi Palma.