Nani Kakupa Ruhusa ya Kuandika?

Rasimu ya pili imekamilika. Sentensi ya mwisho nimeiandika jana usiku, baada ya kusahihisha madaftari ya darasa la sita, na leo nataka niweke kumbukumbu ya jinsi nilivyokaribia kuitupa riwaya hii kabla haijafika popote.

Hadithi sikuikosa. Ninayo tangu utotoni: mjane anayeanika dagaa hapa Mwanza, na madeni yanayomwandama kila mwezi unapojaa angani. Kilichonitia hofu ni lugha. Mimi ni mtoto wa Kanda ya Ziwa. Nyumbani tulizungumza Kisukuma, Kiswahili nikakipatia shuleni na sokoni, na hata leo nikikaa na mtu wa Tanga au Unguja, mazungumzo hayaendi mbali kabla hajaniuliza, "Kwani mwalimu, kwenu wapi?" Huuliza kwa wema tu. Lakini usiku, nikiwa peke yangu na daftari, swali hilo lilirudi kwa sauti nyingine kabisa. Kwenu wapi wewe, hata uandike riwaya ya Kiswahili? Nani kakupa ruhusa?

Shaka ya namna hiyo haikuzuii kuandika. Inakuacha uandike, ila inakaa begani na kukuchagulia maneno. Mjane wangu, mwanamke aliyekulia mwaloni, pale ufukweni mitumbwi ya wavuvi inapofikia, akawa anazungumza kama mshairi wa Lamu. Hakufungua kinywa bila methali. Wachuuzi wenzake wakagombana kwa lafudhi ya watu ambao sijawahi kuishi nao. Kila ukurasa ulikuwa sahihi, na kila niliposoma upya nilikuta hakuna mtu ndani yake.

Katika siku hizo nilimfikiria sana mwandishi Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa mwaka 1944 kisiwani Ukerewe, saa chache tu kwa meli kutoka hapa Mwanza, na lugha ya kwao ni Kikerewe. Hakuzaliwa pwani. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka 1971, ikapigwa marufuku shuleni. Mwaka 1974 akatoa diwani ya Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na washairi wa mapokeo wakamjia juu: huo si ushairi, ni insha zilizokatwakatwa. Mabishano yale yalichukua miaka. Naye mwaka 1988 akatoa diwani ya pili, Karibu Ndani, kwa mtindo uleule.

Watu hupenda kuisimulia habari hiyo kama habari ya ujasiri, na kweli ni ujasiri. Mimi nilichokiona ni kitu kidogo zaidi, tena kilinifaa zaidi. Waliomkataa walikuwa na kitabu mkononi. Walikisoma, wakakikasirikia, wakakijibu. Wa kwangu walikuwa hawajasoma chochote, nami nilikuwa nimeshawasikiliza, nimeshawatii, nimeshawaandikia kurasa nyingi za kuwaridhisha. Nikaona si haki. Anayetaka kunikataa na angoje mswada.

Lakini wazo jema halikuandikii sura. Kilichonivusha hasa ni shangazi.

Shangazi yangu ameanika dagaa tangu nimjue. Jumapili moja nilimkuta nyumbani kwake amepumzika, maana ilikuwa mbalamwezi. Wasiolijua ziwa niwaeleze: dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni taa za sola. Mwezi ukijaa, mwanga wa taa hauwavuti tena, mitumbwi hubaki imepandishwa mchangani, na wanaoishi kwa dagaa husubiri. Mvuvi anasubiri, mchuuzi anasubiri, na anayewadai hasubiri.

"Shikamoo shangazi. Nimekuja kukusomea kitu."

"Marahaba mwanangu. Kirefu?"

"Sura moja tu."

Nilimsomea sura niliyoiandika upya wiki ile. Kamusi nilikuwa nimeiweka mbali, nikawaacha wanawake waseme kama wanavyosema mwaloni pale Kirumba, hapa Mwanza, Kiswahili chetu hiki, na Kisukuma kikiingia pale ambapo hasira au huzuni hukiingiza. Katika sura hiyo mjane ameanika mzigo mzima kwenye chanja, mawingu yanafunga upande wa ziwa, naye anajua kwamba dagaa wakilowa wataozea hapohapo, na wakipona watauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Shangazi alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Nilipofika mahali ambapo shemeji yake mjane anakuja kukopa, akanikatiza.

"Asimpe."

Nikaendelea kusoma. Mjane akampa.

"Nimesema asimpe! Huyo harudishi. Mwezi ndio huo unajaa, atakula nini na watoto?"

Nikamwambia, shangazi, huyu mama hayupo, nimemtunga. Akanitazama kwa muda. "Yupo," akasema. "Sema tu hutaki kunitajia jina lake." Kisha akaanza kunieleza mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote nilichowahi kusoma: jinsi mtu anavyolisikia jua la dagaa mgongoni, jinsi wanawake wanavyokopeshana mahali pa kuanika, jinsi wanavyolia wakiwa wameinama ili waonekane wanageuza dagaa. Hakuniuliza nimejifunza wapi Kiswahili. Hakusema neno lolote juu ya lugha, kwa kuwa lugha haikumsimamisha popote.

Nilirudi nyumbani kwa miguu ingawa daladala zilikuwapo. Nilihitaji kutembea.

Sitaki kudai kwamba shaka imekwisha. Nikiketi kuandika nayo huja. Sasa naipa kazi. Ikiniambia sentensi hii si ya kweli, naisoma kwa sauti, na kama hakuna mwanamke wa mwaloni awezaye kuisema, naifuta. Ikiniuliza kwetu wapi, naandika kwetu wapi: jina la mwalo, harufu yake, upepo unatoka upande gani alfajiri. Katika kazi hiyo ni msaidizi mzuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kunisifu.

Mwalimu mwenzangu ananihimiza niupeleke mswada kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa 2023. Nitaupeleka ukiwa tayari. Bado sura mbili za katikati zinanisumbua, na kuna mtoto wa mjane ambaye sijampa nafasi anayostahili.

Shangazi naye ana ombi lake. Anataka mjane aondoke Mwanza, ahamie kwa dada yake Bukoba, aachane na shemeji yule na madeni yake. Amelirudia kila tulipoonana, na mara ya mwisho alikaribia kulia. Nimemweleza kwamba mama yule haondoki. Nimekaa naye muda mrefu, namjua, mwalo wake hauachi. Shangazi amekasirika, anasema nina roho ngumu. Nampenda sana shangazi yangu, na sura nimeiacha kama ilivyo.