Bandari iliyopwelewa

Nilikuwa mchukuzi katika nyumba moja ya mnada mjini Leeds, kaskazini mwa Uingereza, picha ile ilipoletwa. Ilitoka katika nyumba ya marehemu, imeviringishwa blanketi, pamoja na makabati na saa ya ukutani. Kazi yangu ilikuwa kubeba, kufuta vumbi, kubandika namba na kutundika. Picha nyingi zilipita mikononi mwangu nikazisahau siku hiyo hiyo. Hii nilipoifungua niliiegemeza ukutani, nikachutama mbele yake.

Bandari usiku. Mwezi mpevu umeshapanda juu ya magofu ya kanisa kubwa la watawa yaliyo kileleni mwa jabali, na chini yake nyumba zimebanana hadi ukingoni, madohani yanatoa moshi. Vyombo viwili vimelala ubavu topeni. Katikati mkondo mwembamba wa maji unameremeta. Vanishi ilikuwa imezeeka ikawa rangi ya chai kavu, lakini mbalamwezi ilipenya. Mtu yeyote wa kaunti ile angeitambua Whitby, pale mto Esk unapoingia Bahari ya Kaskazini.

Pembeni chini palikuwa na sahihi: Atkinson Grimshaw. Ofisi nzima ikachangamka. Grimshaw alizaliwa hapo hapo Leeds mwaka 1836, akawa karani wa reli, na mwaka 1861 akaacha kazi ili achore tu, ingawa wazazi wake hawakupenda. Alijifunza mwenyewe. Hadi alipofariki mwaka 1893 alikuwa amechora mbalamwezi za Whitby, Scarborough, Liverpool, Hull na Glasgow, na leo picha yake moja huweza kununua nyumba. Ndiyo maana walioiga mkono wake ni wengi.

Mtaalamu wetu wa picha, mama mtulivu ambaye hakuwahi kunifanya nijione mbeba mizigo tu, aliniita chumba cha giza nimshikie turubai. Aliwasha taa ya urujuanimno. Vanishi ya zamani ikang'aa kijani hafifu uso mzima, ila pale penye sahihi palibaki peusi, kana kwamba maandishi yanaelea juu. Akanisogezea kioo cha kukuzia nione mwenyewe: wino ulikuwa umeingia ndani ya nyufa za rangi. Nyufa zilitangulia, jina likafuata. Mtu fulani, miaka mingi baada ya mchoraji, aliandika jina la mwingine ili auze. Katika katalogi ikawa lazima iandikwe "mfuasi wa Grimshaw", yaani mkono usiojulikana, na makisio yakashuka hadi pauni mia chache.

Niliumia. Si kwa sababu ya fedha, hazikuwa zangu. Niliona jinsi watu waliokuwa wakiizunguka asubuhi walivyoacha kuiangalia kufikia alasiri, na picha ni ile ile.

Usiku nilimtumia baba taswira yake kwa simu. Baba ni mvuvi, Nungwi, Unguja. Hajui Grimshaw wala Leeds ipo upande gani. Alinipigia alfajiri ya kwao.

"Mwanangu, hapa ni wapi palipopwelewa hivi?"

Nikamwambia ni Ulaya, picha ya kuchorwa, ya zamani.

"Basi hiyo ni saa nne ya usiku, au saa nne na nusu. Mwezi mpevu, bamvua, maji yamekupwa mpaka mwisho. Huyu aliyechora alikuwapo. Hakusimuliwa."

Kwetu kila mtoto wa pwani anajua hivyo: mwezi ukiwa mpevu huwa bamvua, maji hujaa na kukupwa kupita kawaida; hujaa karibu saa kumi, hukupwa karibu saa nne. Lakini je, Whitby? Kila bandari ina saa zake. Dover, kusini mwa nchi hiyo hiyo, usiku wa mwezi mpevu maji hujaa karibu na saa sita, na kanuni ya baba isingefaa. Nikatafuta jedwali la maji la Whitby, nikapitia tarehe za mwezi mpevu mmoja baada ya mwingine. Maji kujaa, karibu saa kumi. Maji kukupwa, karibu saa nne. Bahari mbili zilizo mbali hivyo, na baba amesoma saa barabara!

Nimeona mbalamwezi nyingi za biashara za karne ile ya 19. Karibu zote zimejazwa maji pomoni, maana mwezi juu ya maji hupendeza na hununuliwa haraka. Huyu wetu asiye na jina aliacha tope lionekane, akaulaza ule ubavu wa chombo jinsi ubavu unavyolala kweli. Naamini alisimama kwenye ukingo ule wa magharibi, katika baridi, akatazama.

Nilimweleza mama mtaalamu, nikamwonyesha jedwali. Alilisoma polepole, akaniuliza baba yangu ni nani, kisha akakaa kwenye kompyuta. Katalogi ilipochapwa, chini ya "mfuasi wa Grimshaw" palisomeka: "Bandari ya Whitby, mwezi mpevu, maji yamekupwa."

Siku ya mnada nilikuwa nimeishika mbele ya watu kwa mikono miwili. Dalali alianza chini ya makisio. Bwana mmoja safu ya nyuma alinyanyua kibao, mwingine akajibu kwa simu, wakapandishana hadi makisio yakaachwa mbali, nyundo ikamwangukia wa simu. Bei haikukaribia ya Grimshaw.

Baba aliuliza kwanza aliyeichukua anakaa wapi. Nikamwambia lebo nimeibandika mimi mwenyewe, inakwenda Hull, mji wa bandari. Akasema hapo sawa, wataielewa.