Nilivyovunja mkataba wa intaneti mapema bila kuharibu jina langu benki

"Zima simu, badilisha laini, watachoka wenyewe." Karibu kila niliyemuuliza pale Chikongola, Mtwara mjini, namna ya kutoka kwenye mkataba wa intaneti alinipa jibu hilo, akiwemo shemeji yangu ambaye alisema yeye amefanya hivyo na hakuna aliyemfuata. Ushauri huo bado unatembea Mtwara nzima, na unaniudhi, maana ungeninyima mkopo.

Nilikuwa na steshenari mjini, nimeunganishiwa intaneti kwa mkataba wa miaka miwili. Mwenye fremu akauza jengo, nami nikahamia Nanyamba, ambako kampuni ile ya intaneti haikuwa na mtandao. Mkataba ulikuwa haujafika hata nusu.

Kabla ya kumpigia mtu yeyote niliusoma mkataba wote, hata yale maandishi ya chini kabisa. Kumbe ndani yake mlikuwa na vitu viwili. Huduma nilikuwa nalipia kampuni mwezi kwa mwezi. Lakini kifaa cha intaneti pamoja na kazi ya kukifunga ulikuwa mkopo, tena umetolewa na taasisi ya fedha, siyo kampuni. Watu wengi hawaoni jambo hili. Kuvunja mkataba peke yake si kosa la kuandikwa kwenye rekodi ya mikopo. Kinachoandikwa ni deni ulilokopeshwa usipolilipa, ni kiasi gani na limechelewa kwa muda gani. Benki na taasisi za fedha hupeleka taarifa hizo Benki Kuu kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2012, na kampuni kama Creditinfo, iliyopata leseni 2013, huzitumia kuandaa ripoti. Afisa mikopo anaifungua ripoti hiyo kabla hajakuuliza hata biashara inaendaje. Unaweza kubadilisha laini mara ngapi unavyotaka. Mkopo uliuchukua kwa kitambulisho cha taifa, na namba hiyo haibadiliki.

Nikaanza kwa kupiga huduma kwa wateja. Kila aliyepokea alikuwa mtu mwingine na alinitajia kiasi kingine cha kumaliza deni. Mmoja alisema laki mbili na ushee, mwingine karibu laki nne, wa tatu akaniambia nisilipe kitu, nirudishe kifaa tu kwa wakala. Wakala naye alitaka kukipokea hivi hivi, bila karatasi! Nikakataa, nikarudi nacho.

Nikaachana na simu, nikaandika barua nakala mbili. Niliomba mkataba usitishwe, niliomba hesabu ya mwisho inayotenganisha deni la huduma, faini ya kuvunja mkataba na salio la kifaa, nikataja namba ya kifaa. Nakala moja wakabaki nayo, nyingine wakaigonga muhuri wa kupokelewa na tarehe. Tumelelewa na korosho huku: gunia haliachwi ghalani bila stakabadhi. Hesabu ilipokuja kwa maandishi, ile laki nne haikuwemo. Nikalipa kila kitu na kudai barua ya kuthibitisha kwamba sidaiwi.

Halafu nikafanya kitu ninachojivunia hadi leo. Risiti za mashine hufifia, na kwa joto letu hazikai. Siku ileile nilizitoa fotokopi zote, nikazipiga na picha, nikaziweka kwenye faili pamoja na ile barua yenye muhuri.

Baadaye nikaomba mkopo wa kununua mashine kubwa ya fotokopi. Afisa mikopo, kijana mwenye adabu sana, akageuza uso wa kompyuta nijionee: "Mama, kuna deni la kifaa linasoma hapa, limepitiliza." Kampuni ilikuwa imepokea fedha zangu, ila taasisi iliyotoa mkopo haikuwa imepewa taarifa.

Sikugombana na yule kijana, kwa sababu benki haiwezi kufuta kilichopelekwa na mkopeshaji mwingine. Niliomba ripoti yangu, maana ni haki ya kila mtu kuiona na kupinga kilichokosewa. Nikaandika malalamiko kwa taasisi iliyopeleka taarifa, nakala kwa waliotengeneza ripoti, nikaambatanisha lile faili. Risiti yenyewe ya malipo wakati huo ilikuwa nyeupe pe! Fotokopi ndiyo iliyonitetea. Kampuni ingegoma kukiri malipo, hatua yangu iliyofuata ingekuwa TCRA, mamlaka inayosimamia kampuni za simu na intaneti, ambao hutaka kwanza uwe umelalamika kwa mtoa huduma. Na barua yenye muhuri ndiyo ushahidi wa hilo.

Ripoti mpya ilionyesha mkopo umefungwa, salio sifuri, na ule ucheleweshaji umeondolewa kwa sababu haukuwa wa kweli. Kwa aliyechelewa kweli mambo ni tofauti: akilipa, deni litasoma limelipwa, lakini historia ya kuchelewa haifutiki siku hiyo. Kwa hiyo shemeji yangu nimemwambia aombe ripoti yake sasa, asisubiri siku ya shida.

Mashine ilifika Nanyamba kabla ya minada ya korosho kufunguliwa. Wakulima walipoanza kuja kutoa nakala za vitambulisho na kadi za benki za kupeleka chama cha msingi cha ushirika, nilikuwa tayari kuwahudumia.