Nairobi kwa Kutazama Juu

Wageni wa Nairobi huusiwa watazame chini na kando: simu mfukoni, begi kifuani, na macho kwa boda boda. Mimi safari hii nilikwenda kutazama juu. Sababu ni shangazi yangu wa Lamu, anayetaka kuezeka kiwanda, yaani uwanja wa ndani, cha nyumba yake.

Nyumba yenyewe ni ya mawe, ya zamani, imeupa mtaa mgongo. Ukishapita daka la kuingilia na kukata kona ndipo unakutana na kiwanda, uwanja mdogo ulio wazi, msana, ukumbi wa kukaa, ukiuelekea. Mwanga wote wa nyumba hutoka hapo. Mvua nayo hutoka hapo, na kunguru, na majani ya mwarobaini ya jirani. Shangazi amechoka kufagia. Kaona kwenye simu majumba ya mjini yenye uwanja wa ndani uliofunikwa kioo, akaniambia, "Wewe si umesomea kuchora nyumba? Nenda kaniangalilie." Tusizungumzie kwanza ruhusa ya watu wa Makumbusho, wasimamizi wa nyumba za kale, hiyo ni safari nyingine.

Basi nikapanda Madaraka Express kutoka Mombasa, nikashuka Syokimau jua likizama, na boda boda ikaniingiza mtaa wa Pipeline kwa binamu yangu. Anakaa katika ghorofa ndefu zilizobanana kiasi kwamba kutoka barabarani mbingu ni utepe tu. Jengo lake lina tundu katikati, kuanzia sakafu ya chini hadi paa, na nyumba zote zinapumulia humo. Kamba za nguo zimevuka kutoka upande hadi upande. Huko chini taa ya korido huwaka hata saa sita za mchana. Mwenye jengo kaweka juu mabati ya plastiki ya kupitisha mwanga, ambayo zamani yalikuwa meupe. Ikifika saa moja jioni, unajua kila jirani anapika nini.

Asubuhi nilimuuliza keateka, msimamizi wa jengo, kwa nini tundu halikupanuliwa.

"Ukipanua hapa, kaka, umepoteza nyumba mbili kila floo," akasema. "Na kuna floo saba. Wewe piga hesabu."

Sikuwa na jibu. Wachoraji majengo tunapenda kulizungumza jambo hili la uwazi wa katikati ya jengo kana kwamba ni la urembo, kumbe tangu zamani ni hesabu ya nani anaachiwa nafasi isiyolipiwa kodi. Nyumba za matajiri wa Pompeii, zilizofukiwa na mlima Vesuvius mwaka 79, zilikuwa na atriamu, yaani uwanja wa ndani unaopata mwanga kutoka juu, mara tu upitapo mlango mkuu. Mwenye nyumba alipokea wageni na wateja wake hapo, nao wakasubiri huku wakiona ukubwa wa mali yake. Paa liliinamia ndani kutoka pande zote na kuacha uwazi katikati. Maji ya mvua yakaanguka katika bwawa la kina kifupi lililochimbwa sakafuni, kisha yakashuka kwenye birika lililo chini. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi aliyeandika katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, alizigawa atriamu katika aina tano kwa kuangalia jinsi paa linavyoshikiliwa. Zilizo nyingi ziliachwa wazi juu. Mrumi angemshangaa shangazi: maji ya bure yanaingia nyumbani, nawe unayafukuza?

Kioo kilikuja baadaye sana. Katika karne ya 19, chuma na kioo vilipoanza kupatikana kwa wingi, wajenzi wa miji yenye baridi walipata njia ya kuingiza mwanga bila kuingiza theluji. Jengo la Rookery mjini Chicago lilimalizika mwaka 1888, na hata Los Angeles isiyo na baridi kali ikapata la Bradbury mwaka 1893. Yote mawili ni ya ofisi, na yote yamezunguka uwanja uliofunikwa kioo. Halafu mwaka 1967 John Portman akafungua Hyatt Regency ya Atlanta, hoteli yenye uwazi wa ghorofa 22 katikati na lifti za kioo zinazopanda mbele ya macho ya watu. Tangu hapo kila hoteli na kila mall ikataka yake.

Kutoka Pipeline nilishika matatu hadi mjini, nikatembea mpaka City Market, Mtaa wa Muindi Mbingu. Mwalimu mkali angekataa kuiita atriamu, maana ni ukumbi wa soko tu, wa miaka ya 1930. Lakini nilikaa hapo kuliko nilivyopanga. Matao ya zege yamebeba paa linalopanda kwa ngazi, na wima wa kila ngazi ni dirisha. Mwanga unaingia kwa ubavu, unagonga dari, ndipo unashuka. Hakuna jua linalompiga mtu utosini.

Muuza vyondo mmoja alinivumilia, kisha akachoka. "Ndugu, vitu viko huku chini. Huko juu unatafuta nini?"

"Joto linakotokea."

Akacheka, akatazama juu naye. "Hapa hata Januari hatulalamiki," akasema, akanirudisha kwenye vyondo. Nilinunua kimoja.

Westlands nilipita Sarit Centre, iliyofunguliwa mwaka 1983 na inayotajwa kuwa mall ya kwanza ya aina hiyo katika eneo letu. Desturi ya kuegemea ukingo wa ghorofa na kutazama watu wa chini wakipita, Wanairobi wengi walijifunzia pale. Ila somo kubwa nililipata katika jengo jingine, ambalo sitalitaja: mkahawa wa ghorofa ya juu umefungua miavuli ya jua ndani, chini ya paa la kioo. Nairobi iko kiasi cha nyuzi moja tu kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri hupita karibu na utosi mwaka mzima, wala halilali pembeni kama la Chicago wakati wa baridi. Kioo kilicholazwa bapa paani hapa ni tanuri, na anayenakili picha ya ughaibuni atakuja kununua miavuli.

Gigiri nilikwenda kwa miadi, kitambulisho mkononi, kujiunga na ziara ya wageni katika ofisi za Umoja wa Mataifa. Jengo nililotembezwa lilizinduliwa Machi 2011, likiwa na takriban mita 6,000 za mraba za paneli za jua paani. Ni majengo manne yaliyounganishwa, kila moja na atriamu yake. Ofisi hazitegemei mitambo ya kupoza hewa. Hewa baridi huingia kwa madirisha ya pembeni, hupata joto kwa watu na kompyuta, hupanda katika uwazi wa kati na kutokea juu, kwa sababu paa limeinuliwa na kuachiwa njia. Hapo ndipo nilipolielewa tundu la Pipeline. Umbo lake ni hilihili, ila juu limezibwa. Hewa inapanda, inafika kwenye plastiki, inakwama. Moshi nao ungekwama vivyo hivyo. Ndiyo maana atriamu kubwa hutiwa njia za kutolea moshi, kwani uwazi unaopandisha hewa safi ndio huohuo unaopandisha moto kwenye kila ghorofa. Shangazi hupikia makaa pembeni mwa kiwanda.

Lakini ya Gigiri hayabebeki mazimamazima. Nairobi ina usiku wa baridi unaopoza zege hadi asubuhi, na hewa baridi ya nje inayoisukuma ya ndani ipande juu. Lamu usiku ni joto lilelile la mchana lenye unyevu zaidi. Kinachoiendesha hewa huko ni upepo, kaskazi na kusi, na mlango wake wa kutokea ni kiwanda kilicho wazi. Ukikiezeka chote, hata kwa kioo cha bei, umeiziba nyumba pua.

Siku ya kuondoka nilipitia duka la vifaa vya ujenzi Industrial Area. Muuzaji alinionyesha karatasi za plastiki ngumu za kupitisha mwanga, akauliza vipimo vya uwanja, akapiga hesabu haraka.

"Hizi zinafunika yote na kipande kinabaki."

Nikamwambia nataka za theluthi moja tu, upande wa msana, na nguzo za kuliinua paa futi tatu juu ya ukuta.

"Na mvua ya katikati?"

"Iingie. Una bomba la kupeleka maji kwenye tangi?"

Akaenda stoo kulitafuta.