Alasiri ya komuteta chache

Semina ya aljebra ilikuwa baada ya chakula cha mchana, saa ambayo usingizi huishinda nadharia yoyote. Siku ile mwalimu aliandika swali moja ubaoni: kundi G (seti yenye kuzidisha, ambamo kila memba ana kinyume chake) lina komuteta m tu, yaani memba wa umbo [a, b] = a⁻¹b⁻¹ab; je, kundi dogo G′ linalozalishwa nazo lina kikomo?

Mwenzetu mmoja akawahi: "Ndiyo, Mwalimu, vizalishi si vina kikomo?" Mwalimu akaandika seti ya namba kamili chini ya kujumlisha. Kizalishi, yaani memba ambaye yeye na kinyume chake hujenga wengine wote, ni kimoja, 1, na kundi halina mwisho. Jibu likabaki, sababu ikafutwa.

Kisha kazi ikaanza. Kila komuteta ichagulie jozi yake a, b. Jozi m zinatoa memba wasiozidi 2m; hao wazalishe kundi dogo H. Komuteta zote za G zimo ndani ya H, hivyo H′, kundi dogo linalozalishwa na komuteta za H, ni sawa na G′. Wengi huiruka hatua hii, halafu wanakwama mbele, kwa sababu G yenyewe huenda ikahitaji vizalishi visivyo na idadi.

Sasa shika kizalishi a. Kwa kila x, x⁻¹ax = a[a, x], na [a, x] ina thamani zisizozidi m. Basi a ana konjugeti (memba wa umbo x⁻¹ax) zisizozidi m, na memba wa H wanaobadilishana naye nafasi, yaani ax = xa, wanaunda kundi dogo lenye fahirisi (idadi ya nakala zake zinazoijaza H) isiyozidi m. Makutano ya makundi hayo, kwa vizalishi vyote, ndiyo kitovu Z(H), memba wanaobadilishana nafasi na wote. Fahirisi yake, n, haizidi m kwa kipeo cha 2m. Makadirio mabovu, lakini yanatosha.

Hapo ndipo Mwalimu alipomleta mwanahisabati Issai Schur. Transfa, njia maalumu ya kutoka kundi hadi kundi dogo lake, kutoka H hadi Z(H) ni x ↦ xⁿ tu. Ni homomofismu (inahifadhi kuzidisha) inayoingia kundi la Kiabeli, ambamo ab = ba daima, kwa hiyo kila komuteta inakwenda kwenye 1, na memba yeyote wa H′ aliyemo kitovuni ana xⁿ = 1. H′ ina vizalishi m. Makutano yake na Z(H) yana fahirisi yenye kikomo ndani yake, hivyo nayo yana vizalishi vyenye kikomo. Ni ya Kiabeli, kila memba akipandishwa kipeo n anakuwa 1. Kwisha.

Swali la mwanahisabati Philip Hall ni hilohilo, ila badala ya komuteta unaweka neno lolote w, yaani fomula ya herufi na vipeo; thamani zake ni memba unaowapata ukiweka memba wa G badala ya herufi, na w(G) ni kundi dogo linalozalishwa nazo. Ukiwa na thamani chache, hoja ya konjugeti inaonyesha kwamba W = w(G) ina W′ yenye kikomo. Kinachobaki ni kama thamani zenyewe zina oda yenye kikomo, yaani kama kila moja ina kipeo kinachoifanya kuwa 1. Kwa neno xᵏ ni rahisi: (xᵏ)ʲ = (xʲ)ᵏ nayo ni thamani, na thamani ni chache, basi lazima zijirudie.

"Na kwa maneno yote, Mwalimu?"

Hapana. Mwaka 1989 mwanahisabati Sergei Ivanov alitoa neno lenye thamani mbili tu katika kundi moja, huku w(G) ikiwa ya duara (inazalishwa na memba mmoja) na isiyo na kikomo. Ndani ya neno lile mna kipeo cha namba witiri kinachozidi 10¹⁰. Tukacheka. Mwalimu hakucheka; alituchorea vipande vya ramani bapa, michoro ambayo uthibitisho unaitegemea, ambamo kila mpaka una kipeo kirefu, akaeleza kwamba vipeo vikiwa vifupi makadirio ya mipaka hiyo hayashikani.