Hatukufika Nakuru

Jana jioni mwanangu alikuwa akitafuta bisibisi kwenye lile sanduku la bati, akaibuka na simba wa chuma anayetosha kiganjani, amesimama kwa miguu ya nyuma, kromu imembanduka mgongoni.

"Mama, huyu alitoka kwenye nini?"

"Kwenye gari la Guka."

"Lakini Guka hakuwa na gari."

Kweli Guka, yaani baba yangu, hakuwa nalo. Lilikuwa la tajiri, yeye alikuwa dereva. Peugeot 404 ile ndefu, yenye safu tatu za viti, Nairobi–Nakuru kwenda na kurudi, miaka kumi na mmoja. Siku lilipokatwa kuuzwa kwa kilo, alikwenda kwa wakata vyuma akaomba apewe simba wa mbele ya boneti. Hakuomba kingine.

Nilirudi jikoni kugeuza chapati, lakini mawazo yalikuwa yameshafika Ngong Racecourse, Septemba 2014.

Ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuhudhuria Concours d'Elegance, mashindano ya magari na pikipiki ambayo Alfa Romeo Owners Club imekuwa ikiyaandaa Nairobi tangu miaka ya 1970. Ofisini tulikuwa tumegawiwa tiketi mbili, na nilijua papo hapo nani nitakwenda naye. Mzee alivaa koti la kanisani. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, goti la kulia limeanza kumsumbua, lakini alipokanyaga zile nyasi alinipita.

Mengi ya asubuhi ile yamenitoka. Nakumbuka watu waliopendeza, kofia za akina mama, muziki, na magari yamepangwa safu kwa safu yakimetameta hata huwezi kuyatazama bila kukunja uso. Mashindano yenyewe ni kazi nzito: majaji huchungulia injini, buti, viti, rangi, hata uvungu wa gari, kisha liendeshwe waone kama taa, honi na waipa zinafanya kazi. Nilimwona mwenye gari mmoja akisafisha nati za gurudumu kwa mswaki wa meno. Nilimheshimu sana. Kuna upendo unaoonekana kwenye vitu vidogo kama hivyo.

Mzee hakusimama kwa Jaguar wala kwa Mercedes. Alisimama mbele ya 404 ya kijivu, ndefu, safu tatu.

Alianza na Safari Rally, yale mashindano ya mbio za magari ya Afrika Mashariki, kama kawaida yake. Kwamba 404 ilishinda 1963, na 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland wa Tanzania, na 1968, mwaka wa mvua na matope, magari saba tu ndiyo yaliyomaliza na mbele yao ikawa 404 tena. Alimweleza mwenye gari jinsi injini ilivyolazwa ubavu ndani ya boneti, kana kwamba mwenye gari hakulijua gari lake. Yule bwana alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mzee, uliwahi kuwa nayo?"

"Nilifanya nayo kazi."

Yule bwana akafungua mlango wa dereva. "Karibu uketi, mzee."

Baba akatazama zulia la ndani, lililopigwa brashi likalala upande mmoja. Majaji walikuwa bado hawajafika safu ile. Akainama, akashika goti, akafungua kamba za viatu, akavivua na kuvipanga pembeni kwenye nyasi. Akaingia na soksi. Mimi nikazunguka, nikavua vyangu, nikaketi kushoto kwake.

Kwanza alitulia tu, mikono kwenye usukani. Halafu mguu wa kushoto ukakanyaga klachi, mkono ukapanda wenyewe kwenye kijiti cha gia pale ubavuni mwa usukani, na kwa sauti ya chini, si kwangu, akasema, "Kangemi."

Akabadilisha gia. "Uthiru. Kinoo. Kikuyu." Kila jina na gia yake. Limuru akafunga kioo cha dirisha, maana Limuru ni baridi. Tulipoanza kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa aliingiza gia ya pili, mwili wake ukarudi nyuma kidogo, jicho likawa linakwenda kwenye kioo kila mara kutafuta malori. Mguu wake wa breki ulikuwa unagusa na kuachia, unagusa na kuachia. Chini kabisa aliinamisha kichwa kidogo, na nikajua tunapita lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili. "Mai Mahiu." Longonot ikapita kushoto, upande wangu. Nilijikuta nimegeuka kuitazama.

Naivasha alisimama. Alisubiri muda ule ambao utingo angehitaji kushusha mizigo, macho kwenye kioo. Akaondoka.

"Gilgil," akasema, mkono umeshika gia.

"Mzee, samahani sana," yule bwana aliinama dirishani. "Majaji wamefika."

Baba akarudisha gia katikati. Akavuta breki ya mkono. Akatoka taratibu, akapangusa kwa kiganja pale alipokanyaga, zulia likarudi lilivyokuwa. Alivaa viatu vyake amesimama, ameshika bega langu. Akamshukuru yule bwana mara tatu.

Hatukungoja matokeo. Ndani ya matatu ya kurudi nyumbani alikaa kimya mpaka karibu tushuke, kisha akasema, "Wamelitunza vizuri sana." Baada ya kitambo: "Lakini halina harufu."

Najua aliyoyakosa. Ndani ya lile letu kulikuwa na kabichi, maziwa, vifaranga kwenye makatoni, akina mama na watoto wachanga wakipelekwa hospitali. Kama alikuwa anasifu au anasikitika, sikumwuliza. Alituacha 2017, na mara nyingi mimi hurudi kwenye jambo moja tu: majaji wale walikuwa watu waungwana, walisimama na karatasi zao wakimngoja mzee afunge kamba za viatu. Kutoka Gilgil zilikuwa zimebaki Mbaruk na Lanet. Ningewaomba dakika tano, pengine wangetupa.

Mwanangu amelala na simba chini ya mto. Sijamnyang'anya.